Kurasa Saba Zilizopigwa Muhuri

Mwaka wa 1998 nilikuwa nikikaa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, na mjukuu wangu Sylvia, katika chumba cha kupanga nyuma ya duka la mbao, hatua mia mbili na kumi kutoka lango la forodha. Nilizihesabu kwa sababu goti langu la kushoto hunilazimisha kuhesabu. Sylvia alikuwa na meza yake barazani, pamoja na makarani wengine sita waliokuwa wakiwajazia watu fomu za forodha. Wenzake walitumia taipureta. Yeye alikuwa na kompyuta kuukuu aliyouziwa na Odeke, fundi wa mashine kutoka Tororo, na printa iliyolia kama mtu anayekwangua ukoko wa ugali. Niliishonea kompyuta ile kifuniko kwa kitambaa cha pazia, chenye maua ya zambarau, maana vumbi la malori halina adabu.

Programu aliiandika Sylvia mwenyewe. Sitajifanya najua aliiandikaje. Nilichoona ni miezi minane ya kubonyeza, kuguna, na kuacha chai mpaka inafanya utando. Lakini kazi yake naijua. Ukiiambia mzigo ni nini, una uzito gani na umetoka wapi, inatafuta nambari ya ushuru, inapiga hesabu, na inachapa fomu nzima, kila neno ndani ya kisanduku chake. Fomu iliyomchukua Benedetta, karani wa meza ya pili, saa nzima kwa taipureta, pamoja na kupaka ile rangi nyeupe ya kufutia, Sylvia aliimaliza kabla mandazi hayajapoa.

Mjukuu wangu ana kasoro moja: hawezi kula peke yake. Alimpa Benedetta programu ile kwenye disketi, Benedetta akampa jirani yake, na Odeke akaleta kompyuta nyingine mbili za kuchangia. Kabla ya Pasaka baraza zima lilikuwa likiitumia.

Ndipo siku moja akaja dereva mmoja, jasho limemtiririka mpaka kwa mkanda, akagonga meza.

"Nani mwenye hii kitu ya kompyuta? Imeandika sabuni yangu ati ni mafuta ya kupika! Lori yangu imelala hapa siku nne! Nitakushtaki, dada, mpaka uuze hiyo kitambaa yako ya maua!"

Kosa lilikuwa la karani wa meza ya mwisho, aliyebonyeza mstari wa chini badala ya wa juu. Dereva alitulizwa akaenda. Lakini Sylvia hakula siku hiyo, na kesho yake akamwita Odeke.

Odeke alikuja na mkoba wake wa ngozi, akaketi, akamaliza kikombe cha kwanza ndipo akasema. Ni mtu ninayempenda kwa hilo.

"Kwanza nijibu," akamwambia Sylvia. "Hii programu ni yako kweli? Uliiandika kwa mashine ya nani? Saa za kazi ya nani? Kwa sababu ukiandika kitu kwa kazi ya mtu, mwajiri anaweza kusema ni yake."

"Mashine yangu, saa zangu," Sylvia akasema, "na mafuta ya taa ya kukhu."

Kukhu ni mimi. Kwetu Sigalame ndivyo tunavyomwita nyanya.

"Basi ni yako. Na hawa uliowapa, uliwapa na karatasi gani?"

"Karatasi ya nini? Niliwapa tu."

"Basi hujawapa," Odeke akasema.

Benedetta, ambaye masikio yake hufika popote chai inapomiminwa, akageuka na kiti chake. "Hajanipa namna gani? Disketi si hii kwa mkoba wangu?"

"Disketi ni yako, mama. Kilicho ndani ni chake. Kwa sheria, aliyeandika ndiye mwenye haki ya kunakili. Akinyamaza, sio ati amekuruhusu. Amenyamaza tu. Siku mkikosana anaweza kusema ulinakili bila ruhusa."

Benedetta akashika kifua. "Yesu! Kumbe mimi ni mwizi na sijui?"

"Mwizi mdogo," nikamwambia. "Kunywa chai."

Odeke akaeleza kwamba dawa yake ni leseni, yaani maandishi yanayokwenda pamoja na programu na kusema aliyeipokea anaruhusiwa nini na amekatazwa nini. Akatoa mkobani aina mbili. Moja iliitwa BSD na nyingine GPL, herufi tatu tatu, kama vyama vya siasa vya wakati ule.

Ya kwanza ilikuwa fupi, haijai hata ukurasa. Ilisema: chukua, badilisha, uza, fanya upendavyo, mradi usilifute jina langu. Ya pili ilikuwa kurasa saba. Nayo ilisema chukua, badilisha, hata uza, lakini kila utakayempa programu umpe na maandishi yake ya ndani, yale ambayo mjuzi anaweza kuyasoma na kuyarekebisha. Na umpe kwa masharti haya haya uliyopewa wewe, naye awe huru kumpa mwingine. Zote mbili zilikuwa na sehemu ya herufi kubwa, kama mhubiri aliyepata kipaza sauti, inayosema kwamba programu haina dhamana yoyote, na ikikuharibia kazi usimlaumu mwandishi.

"Hiyo ya herufi kubwa ndiyo nilikuwa nataka jana," Sylvia akasema. "Nachukua hii fupi. Mimi sitaki kusumbua watu na kurasa saba."

"Fupi ni nzuri," Odeke akasema. "Watu wengi wakubwa wanaitumia. Lakini ujue, mtu anaweza kuichukua, aongeze kitu kidogo, halafu afunge mlango. Sheria haitamgusa, kwa sababu wewe mwenyewe umeruhusu."

Mimi nilikuwa nikichambua kunde. Nikamuuliza mjukuu wangu kama anakumbuka marando ya viazi vitamu. Kwetu marando hayauzwi. Jirani akija na panga lake, unamkatia mzigo anaoweza kubeba kichwani, na yeye naye hawezi kumnyima atakayemwomba. Ndiyo maana kiangazi kikiua shamba lako, mbegu yako inakungoja kwa mwenzako. Kulikuwa na mama mmoja, mke wa fundi baiskeli, aliyechukua marando kwa kila mtu, akapata viazi vyekundu vitamu kuliko vyote, kisha akazungushia shamba ua wa miiba. Wazee walipomwuliza akasema, "Mlinipa. Mlisema lini kwamba na mimi nitoe?" Na kweli hakuna aliyekuwa amesema. Tulidhani kila mtu anajua.

Sylvia akavuta zile kurasa saba upande wake.

"Ni nyingi, lakini imesema," akasema.

Basi kuanzia siku hiyo kila disketi aliyotoa ilikuwa na maandishi ya ndani pamoja na leseni ile, na juu yake mstari mmoja: Haki ya kunakili 1998, Sylvia Nabwire, Malaba. Benedetta alisisitiza apewe yake upya, ili aache wizi.

Sasa nimtaje Omagor. Huyu alikuwa ajenti wa forodha mwenye ofisi kubwa kuliko zote upande wetu, ghorofa ya kwanza, madirisha ya vioo vya rangi ya chai ya rangi. Alikuwa na mihuri kumi na mmoja, yote imening'inia kwenye kibao mezani pake kama mkungu wa ndizi. Omagor aliamini kwamba langoni karatasi nyembamba hurudishwa na karatasi nene hupita. Kwa hiyo kila mzigo alioutoa ulikwenda na bunda, na kila ukurasa wa bunda ulipigwa muhuri na kutiwa sahihi, usomwe usisomwe. Walisema aliwahi kupiga muhuri menyu ya hoteli.

Omagor alikuja mwenyewe barazani, akachekacheka, akaomba disketi. Sylvia akampa kama alivyompa kila mtu. Miezi mitatu baadaye tukasikia Omagor ana programu yake. Alikuwa amemleta mtaalamu kutoka Kampala akaongeza fomu ya upande wa Uganda, ile ambayo Sylvia alikuwa akiitamani siku zote ila hakuwa na wa kumfundisha mpangilio wake. Sasa mtu anajaza mara moja, zinatoka fomu mbili, ya huku na ya ng'ambo. Kwenye kioo cha kompyuta liliandikwa jina la Omagor kwa herufi za kijani. La Sylvia halikuwepo. Na kila mteja aliyepitisha mzigo kwake alipewa disketi bure, ili azoee, asirudi barazani. Lakini ilikuwa imefungwa. Inafanya kazi, ila maandishi ya ndani hayamo, kwa hiyo hakuna wa kuifungua wala kuigusa.

Wateja wakapanda ghorofani. Katika wiki mbili makarani wawili wakafunga meza zao wakarudi nyumbani Kocholia kulima. Benedetta akabaki akipangusa taipureta asiyoitumia. Sylvia akamwendea Omagor, akarudi amevimba macho.

"Ameniambia, 'Programu gani yako, dada? Yako ina fomu moja. Yangu iko na mbili.'"

Odeke alipokuja alizunguka meza mara tatu. "Amevunja leseni. Wewe mwenye programu unaweza kumshtaki. Lakini wakili, tarehe, wakili, tarehe... baraza litakufa kabla kesi haijatajwa."

"Na bila kesi?" nikauliza.

"Bila kesi, aliyepewa programu na Omagor anaweza kumdai maandishi ya ndani. Ni haki yake, imeandikwa. Lakini ni lazima awe amepewa na yeye. Na wateja wake wote wanamwogopa."

"Mimi simwogopi."

"Kukhu," Sylvia akasema, "wewe huna kompyuta."

"Masharti yanasema lazima niwe nayo?"

Odeke akafungua kurasa saba, akapitisha kidole kutoka juu mpaka chini, ukurasa kwa ukurasa. Alipoinua kichwa alikuwa akijaribu kutocheka.

"Hapana, nyanya. Hayasemi."

Chama chetu cha akina mama wa kanisa kilikuwa kimeagiza mikeka thelathini kutoka Tororo, ng'ambo. Nilivaa sare ya chama, kitambaa cheupe kichwani, nikapanda ngazi za Omagor, nikipumzika kila ngazi ya nne, nikamwomba anipitishie mikeka. Alifurahi. Kumsaidia mama wa kanisa mbele ya wateja ni tangazo zuri kuliko la redio. Kazi ilipokwisha nikasimama pale pale.

"Nimesikia kila mteja anapewa na disketi," nikasema.

Ofisi nzima ikacheka. Omagor akacheka kupita wote. "Mama, disketi utaifanyia nini? Utaitia kwa mboga?"

"Baba, cha bure hakiulizwi kazi yake."

"Mpeni mama disketi! Mpeni na bunda lake lote, asije akasema Omagor anabagua wazee!"

Nikapewa bahasha ya kaki. Nyumbani nikaifungua mezani, taratibu, bila kuichana. Ndani mlikuwa na disketi, kadi ya ofisi, kalenda, na karatasi zilizobanwa kwa pini. Nikavaa miwani. Zilikuwa zile zile kurasa saba! Omagor aliwaambia watu wake wachape maelezo yaliyofuatana na programu kwenye disketi ya Sylvia, akayapenda kwa unene wake, akayafanya kiambatisho. Na kila ukurasa ulikuwa na muhuri wa zambarau, NAKALA HALISI, na sahihi yake yenye mkia. Kwenye ukurasa wa kwanza muhuri ulikuwa umetua pembeni tu ya jina la Sylvia Nabwire, Malaba.

Nilipomwonyesha Sylvia, alikaa chini sakafuni. "Hakusoma," akasema. "Kukhu, hakusoma hata mstari wa kwanza!"

Mimi nilisoma. Kiingereza changu ni cha darasa la saba, kwa hiyo niliweka rula chini ya kila mstari na kumuuliza Sylvia neno lililonishinda. Ilinichukua asubuhi mbili. Kifungu cha tatu, kile cha maandishi ya ndani, nilikipigia mstari kwa penseli.

Asubuhi ya tatu nikarudi ghorofani na sweta niliyokuwa nikifuma. Nikamwambia karani wa mapokezi kwamba nimekuja kuchukua maandishi ya ndani ya programu niliyopewa. Akasema boss ana kazi. Nikasema sina haraka, nikaketi.

Siku ya kwanza Omagor alipita mbele yangu mara tano bila kunitazama. Lakini mteja akikuta bibi kizee anafuma sweta kwenye ofisi ya forodha, lazima aulize.

"Mama, mzigo wako umekwama?"

"Hapana, baba. Nangoja haki yangu ya kifungu cha tatu."

"Kifungu gani?"

Namwonyesha. "Hata wewe unayo. Si ulipewa bahasha? Angalia, ni muhuri wa mwenyewe."

Siku ya pili nilikuwa nimefika makwapani mwa sweta, na watu wanne walikuwa wamekwenda nyumbani kuangalia bahasha zao. Siku ya tatu kabla ya saa tano, mfanyabiashara wa saruji kutoka Bumala alisimama katikati ya ofisi na kuuliza kwa sauti, "Boss, hiki kitu cha ndani tunapewa lini?" Hakuwa na haja nacho. Lakini Mkenya akisikia kuna kitu cha bure alichonyimwa, usingizi wake umekwisha.

Omagor akatoka. "Mama, unataka nini kwangu?"

"Nilichoandikiwa na wewe."

"Mimi sijakuandikia kitu!"

Nikamnyoshea kurasa. Akaziangalia, akauona muhuri wake, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo, kama maziwa yanapoanza kukatika. Akaagiza wakili wake aitwe.

Wakili Okwara alikuwa mtu mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni, ofisi yake iko Busia, ila siku hiyo alikuwa na shughuli Malaba. Aliketi akasoma kurasa zote saba. Omagor alimwambia afanye haraka. Okwara akainua kidole akaendelea. Alipomaliza aliziweka sawa ncha kwa ncha.

"Mzee, hii programu uliipata wapi?"

"Kwa yule msichana wa baraza. Alinipa bure."

"Alikupa bure kwa masharti. Uko na njia mbili. Ukisema unayakubali masharti, basi mpe huyu mama maandishi ya ndani, yote, pamoja na ile fomu ya Uganda uliyoongeza, kwa maana umeiunganisha na kazi ya msichana ukaitoa kama kitu kimoja."

"Na nikisema siyakubali? Sikuweka sahihi kwake!"

"Ukisema huyakubali, basi huna ruhusa kabisa. Ruhusa yako yote ya kunakili imetoka kwenye karatasi hii. Uitupe, na kila disketi uliyotoa ni nakala ya kazi ya mtu mwingine bila idhini yake. Umetoa ngapi?"

Karani wa mapokezi, ambaye hakuulizwa, akasema, "Mia moja na sitini na mbili."

"Nyamaza wewe!" Kisha Omagor akamgeukia wakili, sauti imeshuka. "Lakini huo muhuri... mimi napiga muhuri kila kitu. Si unanijua?"

"Nakujua. Hata bila muhuri ungebanwa vile vile. Muhuri umeongeza aibu tu." Okwara akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua. "Mzee, kesi ya namna hii sijaiona katika nchi hii. Mahakama itaamuaje siwezi kukuahidi. Lakini nisingependa iitwe kwa jina lako."

Omagor akaninyooshea kidole.

"Na mama huyu, nikimpa, atafanya nini nayo?"

"Nitampa mjukuu wangu," nikasema. "Masharti yanaruhusu. Nimepigia mstari."

Alasiri ile nilishuka ngazi na disketi mbili kwenye mkoba wa sweta. Baraza zima lilikuwa limesimama. Sylvia aliiingiza ya kwanza, mistari ikateremka kwenye kioo, naye akawa anasoma midomo ikichezacheza. Akabonyeza, printa ikakwangua, na fomu mbili zikatoka, ya huku na ya ng'ambo. Benedetta alizishika kwa ncha za vidole, akazibusu, akampelekea mteja wake wa kwanza katika siku kumi na moja.

Haikuchukua saa mbili Sylvia akaanza kuguna. Mtaalamu wa Kampala alikuwa ameweka uzito wa mzigo pamoja na wa kreti mahali panapotakiwa uzito wa mzigo peke yake. Mjukuu wangu alilirekebisha kosa kabla ya jua kutua. Kesho yake langoni walianza kukagua uzito, wateja wa Omagor wakarudishwa mmoja baada ya mwingine, na kabla ya saa nne Omagor mwenyewe alikuwa mbele ya meza yetu, koti limekunjwa mkononi, na disketi tupu.

"Dada Sylvia," akasema, akiangalia kile kitambaa cha maua, "nimesikia umetengeneza ile ya uzito."

Benedetta akamwahi. "Hapati! Asipewe! Akaulize huko kwa vioo vyake!"

"Hapana, anapata," Sylvia akasema. "Masharti ni ya wote. Jina langu nitalirudisha kwa kioo, na wewe hutalitoa tena, boss."

"Sitalitoa."

Sylvia akanyosha mkono kuchukua disketi. Mimi nikamzuia kwa ncha ya sindano yangu ya kufumia, kwa upole.

"Mbele yake kuna watu wanne wenye fomu," nikasema.

"Kukhu, masharti hayasemi angoje."

"Hayasemi pia kwamba asingoje. Nimeyasoma yote. Bwana Omagor, karibu chai. Leo tumetia tangawizi."